Maswali na Majibu: Kukata na Kuchonga Metali kwa Biti za Mashine Ndogo ya Kuzunguka

Nilikuwa nikipanua tundu kwenye bamba la alumini kwa biti ya kabidi (mchanganyiko mgumu sana wa tungsteni na kaboni). Baada ya dakika chache meno yalijaa alumini na biti ikaacha kukata. Je, imekwisha?

Haijaisha, imeziba tu. Alumini ni laini na hunata inapopata joto, kwa hiyo chembe zinazokatwa hujibana baina ya meno, na tangu hapo biti husugua badala ya kukata, jambo linaloongeza joto na kuzidisha kuziba. Biti yenye meno madogo yaliyokatizana hufaa sana kwa chuma, lakini alumini huhitaji meno machache, makubwa, yaliyoachana. Kabla ya kuanza, gusisha biti kwenye nta ya mshumaa, kisha urudie mara kwa mara kazi ikiendelea. Iliyoziba chomoa kwenye mashine, uisugue kwa brashi ya waya. Mawe ya kusagia ya kawaida usiyatumie kabisa kwa alumini: nayo huziba, na jiwe lililoziba na kupata joto linaweza kupasuka likiwa katika kasi.

Kichwa cha biti kiling'oka kwenye shina nilipokuwa nikichonga chuma. Je, niliuziwa biti mbovu?

Huenda, lakini kabla ya kuilaumu biti litazame shina: likiwa limegeuka rangi ya buluu, kilichokiondoa kichwa ni joto. Biti nyingi za namna hii zina kichwa cha kabidi ya tungsteni kilicholehemiwa juu ya shina la chuma, na ijapokuwa kabidi yenyewe huvumilia joto kali, lehemu haivumilii. Joto hilo hutokana hasa na kukandamiza. Naomba wasomaji wote walishike jambo hili, kwa kuwa barua nyingi ninazopokea chanzo chake ni hichohicho: mashine hii hukata kwa kasi wala si kwa nguvu ya mkono, na biti kali iliyoguswa kwa wepesi hutoa chembe nyingi kuliko iliyolemewa.

Kasi nayo hufuata kipenyo. Ukingo wa kichwa cha milimita 6 kinachozunguka mara 20,000 kwa dakika husafiri takribani mita 377 katika dakika hiyo; kichwa cha milimita 12 hufikia mwendo huohuo kwa mizunguko 10,000 tu, kwa hiyo anayebadilisha biti ndogo kwa kubwa bila kupunguza kasi huiunguza bila kujua. Hakikisha pia kwamba shina limeingia ndani ya mashine vya kutosha, kwani linalochomoza sana hutetemeka, hupinda, na mtetemo huo huvunja meno ya kabidi, ambayo ni magumu lakini hayastahimili kugongwa.

Je, biti za almasi zinafaa kwa chuma?

Kwa kioo, mawe na vigae zinafaa sana. Kwa chuma hapana. Almasi ni kaboni, na kaboni hupenya kwa urahisi katika chuma chenye joto kali, kwa hiyo almasi huisha upesi. Kwa chuma kigumu tumia kabidi au jiwe la oksidi ya alumini.

Disiki nyembamba za kukatia huvunjika kila mara. Nifanye nini?

Disiki ya namna hiyo ina nguvu kwa upande wa ukingo wake tu. Ukiipinda kidogo ikiwa ndani ya mfereji inaoukata, huvunjika. Bana kazi kwenye jiliwa, karibu na mahali unapokata, na upange kipande kitakachoanguka kisije kikaufunga mfereji na kuibana disiki. Usiisagie kwa ubavu. Vaa miwani ya kinga, na kaa kando ya mstari wa disiki, kwa sababu vipande vyake huruka kuufuata mstari huohuo.

Ninapolainisha ukingo wa bamba, mashine hunikimbia mkononi. Kwa nini?

Kwa sababu unaisogeza kuelekea upande ambao meno yanataka kuivuta, nayo hupanda juu ya metali badala ya kuichimba. Isogeze kinyume na mvuto huo, kwa mikono miwili, na mkono mmoja uegemee mahali imara. Mikwaruzo itakayobaki iondoe kwa tupa ya mkono.