Tebo ya Saba Inapogoma

*Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko darasa la tatu. Tebo zote anaziimba bila kukosea, lakini nikimuuliza ghafla saba mara nane anakaa kimya. Shida ni nini?* (Mama, Mbagala)

Marahaba, mama. Siku nyingine ukimuuliza, mwangalie midomo. Utaona inacheza. Anaanza saba mara moja, saba mara mbili, anapanda ngazi moja moja, na vidole anavikunja chini ya meza usivione. Midomo hiyo nimeiona kila mwaka tangu nianze kufundisha madarasa ya chini. Binti yako ameshika wimbo, namba zenyewe bado.

Wimbo usiutupe, ila mpe macho pia. Nendeni dukani mkaombe kreti tupu ya soda, ile ya chupa 24. Ahesabu vyumba: upande mmoja 4, upande mwingine 6. Kisha mwambie aigeuze, sasa ni sita mara nne. Muulize vyumba vimeongezeka? Wengi huhesabu upya kimoja kimoja, kisha wanacheka. Acha ahesabu. Trei ya mayai nayo ni hivyohivyo, safu 5 za mayai 6.

Halafu muulize kwa kurukaruka. Akikwama kwenye saba mara nane, usimrudishe mwanzo, mpeleke kwa jirani anayemjua: saba mara saba ni 49, ongeza saba, 56. Maswali matano jioni ukiwa unapika yanatosha.

*Tebo ni nyingi mno. Mtoto akiziona zote ukutani anakata tamaa. Tuanzie wapi?* (Baba, Singida)

Anzeni kwa kuzipunguza, na yeye awe anafuta kwa mkono wake. Kutoka moja hadi kumi kuna majibu 100. Kwa kuwa tatu mara nane ni sawa na nane mara tatu, yanabaki 55. Futeni ya moja na ya kumi, hizo anazijua. Ya mbili ni kujumlisha namba na nafsi yake. Ya tano anaisoma kwenye dakika za saa ya ukutani. Hapo yamebaki 21.

Ya tisa iko mikononi. Afungue vidole kumi, na kwa tisa mara nne akunje kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto vimebaki 3, kulia 6: jibu ni 36. Nimeona watoto wakirudia hilo njia nzima kurudi nyumbani.

Yanabaki 15 tu. Yaandikeni kwenye vipande vya boksi, atembee navyo. Na hata hayo yana njia za mkato: nne mara saba ni 14 na 14, yaani 28, na nane mara saba ni 28 na 28.

*Mwalimu wao anachapa fimbo kwa kila tebo unayokosa. Mwanangu anaumwa tumbo kila siku yenye hesabu.* (Mama, Geita)

Tumbo hilo ni la kweli, msimwambie anadeka. Mimi mwenyewe nilianza kazi na fimbo mkononi, ndivyo tulivyofundishwa sisi. Nilikuwa na kijana aliyeshindwa sita mara tatu ubaoni, na mapumziko nikamkuta anapanga kete za bao tatu tatu, anajumlisha haraka kuliko mimi. Kichwa kilikuwa kizima, hofu ndiyo iliyokifunga. Fimbo niliiacha, na hadi leo naumia kwa niliowachapa. Nenda shuleni ukaongee na mwalimu huyo kwa heshima, mkiwa wawili. Asipokusikia, muone mwalimu mkuu.

*Shuleni wanafundishwa kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili. Nimfundishe tebo kwa lugha ipi?* (Mzazi, Voi)

Kuelewa, Kiswahili. Kukariri, lugha atakayoulizwa darasani, na ushike hiyo moja. Akichanganya, analazimika kutafuta jibu na kulitafsiri kwa pamoja.

*Tebo ya 12 ina kazi gani siku hizi?* (Mwalimu wa kujitolea, Iringa)

Waingereza waliihitaji kwa sababu shilingi yao ilikuwa peni 12 hadi mwaka 1971, nasi tukairithi shuleni. Lakini bado inatufaa: mwaka una miezi 12, na madaftari tunanunua kwa dazeni. Wafundishe kuivunja: kumi mara saba ni 70, mbili mara saba ni 14, jumla 84. Kisha waulize, dazeni tatu za madaftari wakigawana watoto tisa, kila mmoja anapata mangapi? Wape muda wabishane kabla hujawaambia jibu.