Leseni ya Baa: Pingamizi Lipelekwe Wapi?

SWALI: Kuna baa inayojengwa karibu na shule ya msingi mtaani kwetu hapa Nakuru. Majirani wamesikia habari za jaji aliyewalaumu mahakimu kwa kutoa leseni za baa, na sasa wanataka twende kortini kumzuia hakimu. Tuanzie wapi?
Mzazi, Nakuru

JIBU: Msianzie kortini. Habari hiyo ya jaji huenda ni ya Uingereza, kwani huko mahakimu ndio waliokuwa wakitoa leseni za baa tangu 1552 hadi 2005, kazi hiyo ilipokabidhiwa mabaraza ya mitaa. Kwetu, Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti, na maombi husikizwa na kamati ya kaunti ndogo. Hakimu utamkuta baadaye, kwa mfano mtu akishtakiwa kwa kuuza pombe bila leseni.

Nendeni ofisi ya kaunti ndogo wiki hii mtazame ubao wa matangazo. Hapo hubandikwa jina la mwombaji, jengo, aina ya leseni, na siku ya kikao. Kisha andikeni pingamizi kwa katibu wa kamati. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, mwombaji naye lazima apewe notisi ya sababu zenu angalau siku saba kabla ya kikao, na ni juu yenu kuthibitisha kwamba aliipata. Hapa ndipo wengi huangukia: wana sahihi mia mbili za wakazi lakini hawana karatasi moja inayoonyesha mwombaji alipokea notisi. Mpelekeeni nakala mbili, atie sahihi na tarehe kwenye moja, mrudi nayo. Someni pia sheria ya kaunti yenyewe, kwa maana huenda ina masharti yake.

Msiandike tu kwamba pombe inaharibu vijana. Kamati inataka sababu ya kisheria, nanyi mnayo. Sheria hiyo ya 2010 inakataza leseni mpya kwa jengo lililo chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Pimeni kutoka mlango wa baa hadi lango la shule, kwa njia ya miguu na kwa mstari ulionyooka, mchore ramani, na mwalimu mkuu aambatanishe barua. Siku ya kikao mtu aende mwenyewe aulizwe maswali.

Mkichelewa na leseni ikatoka, wekeni rekodi ya tarehe na saa kila baa inapouza nje ya muda wake: saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Leseni huisha baada ya mwaka, na rekodi hiyo mtaihitaji ikiombwa upya.