Chemba ya shule hufurika kila mvua zikianza

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mhazina wa kamati ya shule ya msingi hapa Nkuhungu. Kila Desemba mvua zikianza, chemba iliyo nyuma ya vyoo vya wasichana, ile inayopeleka majitaka kwenye karo, hufurika, watoto wanaruka majitaka kwenda darasani. Kiangazi, kimya. Kamati inataka kuchimba karo la pili, kubwa zaidi. Mjumbe aliyekaa Dar anasema tungoje bomba kubwa, kama kule ambako majitaka huishia baharini. Tufanye lipi?
Mama wa Kamati, Dodoma

JIBU: Marahaba, mama. Mbukwenyi, wanakamati. Kabla hamjashika sururu, niambie: maji ya gata za madarasa yanaelekea wapi?

Umeandika mwenyewe, "kiangazi, kimya". Watoto wa Agosti ndio haohao wa Januari, na mawingu hayamwongezei mtu haja. Kilichoongezeka ni maji ya mvua, nami nadhani mtu ameyaunganisha humo.

Nadhani hivyo kwa sababu niliwahi kuyaunganisha mimi. Ujanani nilijenga vyoo vya zahanati moja huku kwetu. Mganga akalalamika maji ya bati yanachimba msingi. Nikafukia bomba la inchi 3 kutoka kwenye gata hadi kwenye chemba, pakawa pasafi, nikalipwa. Mvua ya pili mfuniko ukanyanyuka, nikaitwa usiku kuzibua, mkono ndani hadi kwapani. Hela yote niliirudisha kwa kazi ya bure.

Pigeni hesabu. Bati la mita 20 kwa 8, mvua ya milimita 25 (Dodoma hiyo hunyesha jioni moja tu), ni lita 4,000. Karo la pili nalo litajaa.

Jumamosi wakati hakuna mvua, koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo mbili za maji, mtu azimwage kwenye gata. Wewe simama kwenye chemba, mfuniko wazi. Ukiona bluu inapita, umempata mwizi. Kateni bomba hilo, zibeni tundu la chemba kwa zege, maji ya bati yaingie kwenye simtanki. Mji huu kiu yake mnaijua.

Isipotokea bluu, tazameni mfuniko. Ukiwa sawa na ardhi, maji ya uwanjani yanaingilia hapo. Inueni chemba kwa kozi mbili za tofali.

Mjumbe wenu hajakosea: Dar lipo bomba linalomwaga Bahari ya Hindi, upande wa Ocean Road. Sisi bahari hatuna, tuna mabwawa ya Swaswa ya kusafishia majitaka. Huko tope hutua, kisha jua, mwani na vijidudu hufanya kazi taratibu, kwa siku nyingi. Maji ya mvua yakiingia kwenye mabomba ya majitaka huyasukuma majitaka yatoke kabla hayajaiva. Kwa hiyo hata bomba kubwa likiwafikia kesho, gata itabidi ikatwe.

Bluu nunueni ya unga. Ya kipande mtaikoroga hadi adhuhuri.