Si Kila Maumivu ya Chembe ya Moyo ni Vidonda vya Tumbo

Mtaani kwetu ukishika tumbo hapa juu, chini ya chembe ya moyo, jibu liko tayari: vidonda vya tumbo. Duka la dawa watakupa omeprazole, jirani atakuletea juisi ya kabichi, na jioni utaonekana baa kama kawaida. Kaka yangu aliishi hivyo muda mrefu. Kumbe kilichokuwa kinamuuma ni kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula.

Usiku tuliompeleka hospitali alikataa katakata kulala chali. Alikaa kitandani ameinama, kakumbatia mto, kwa sababu akinyooka tu maumivu yanapenya hadi mgongoni. Anatapika na hapati nafuu. Daktari alimtazama vile alivyokaa, akauliza, "Anakunywa?" Wifi yangu akadakia, "Kidogo tu daktari, za wikiendi."

Jamani, hapo msimtunzie mtu heshima. Taja kinywaji gani, chupa ngapi, tangu lini. Ndipo daktari anajua aanzie wapi: kipimo cha damu cha lipesi, kinachoonyesha kama kongosho imeumia, na ultrasaundi kuangalia kama kuna mawe kwenye nyongo, maana mawe nayo huleta ugonjwa huohuo wa kongosho hata kwa asiyegusa pombe.

Kongosho hutengeneza insulini ya kudhibiti sukari mwilini na vimeng'enya vya kusaga chakula. Pombe ikiichokoza, vimeng'enya vinaamka kabla ya kufika kwenye utumbo na kuanza kuila kongosho yenyewe. Ikijirudia inabaki na makovu. Mtu anakula lakini anakonda, choo kinakuwa cha mafuta na kinaelea, halafu kisukari kinaingia. Sigara inazidisha mambo, na kaka yangu glasi na sigara ni kitu kimoja.

Kongosho angalau hupiga kelele. Ini hukaa kimya. Linaanza kujaa mafuta bila maumivu yoyote, na ukiacha pombe katika hatua hiyo linaweza kurudi sawa ndani ya wiki chache. Likifika kwenye sirosisi, yaani ini limejaa makovu, makovu hayo kwa kawaida hayafutiki, ingawa kuacha bado kunaongeza maisha. Macho ya njano, tumbo kujaa maji, kutapika damu: hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Tumbo likivimba hivyo wapo watakaosema karogwa, na miezi inapotelea kwa waganga.

Sasa hesabu, ambayo wanywaji hawaipendi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina kama gramu 55, yaani karibu bia tatu, na watu wanakimaliza nyama haijaiva. Viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, lakini pombe kali bado inaingia mfukoni. Na yule anayejisifu kwamba anakunywa halewi, ubongo wake ndio uliozoea. Ini linapokea gramu zilezile. Supu ya asubuhi haiondoi kitu, na kuzimua ni kuongeza dozi.

Kama unakunywa, pima homa ya ini aina ya B. Ukiwa huna, chanja, hata kama ni mtu mzima. Ukiwa nayo, pombe inaharakisha uharibifu. Na paracetamol za kichwa cha asubuhi usizifakamie. Zikizidi zinaumiza ini hilohilo.

La mwisho ni kwa familia. Mnywaji wa kila siku, hasa anayetetemeka mikono asubuhi hadi apate kidogo, msimfungie ndani aache ghafla. Ndani ya siku mbili tatu anaweza kupata degedege au kuanza kuona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Mpelekeni hospitali, mseme mnataka aache, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1 huku akiangaliwa.