Anarudi Kisumu kutoka Marekani na TV, deki na kanda: cha kubeba na cha kuacha

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Dada yako anarudi Kisumu mwezi wa nane baada ya miaka kumi na minne Minnesota. Ana TV ya inchi 55, mashine ya DVD, deki ya VHS, kamera ya mkono na kanda kama thelathini, na unataka kujua kama vyote vipakiwe kwenye kontena au viuzwe huko huko. Waliokujibu kabla yangu wanasema anunue adapta tu, mambo yaishe. Hao achana nao. Mimi nilirudi Nakuru mwaka 2013 kutoka New Jersey nikiwa nimesikiliza watu kama hao, na siku ya pili tu nilikuwa nimeshaunguza kifaa.

Kwa kifupi: TV aiuze. Deki, kamera na kanda aje nazo, hata kama deki yenyewe inaonekana kama ya kutupwa. Mashine ya DVD ampe jirani.

Tuanze na stima, maana ndiyo inayoua vitu. Adapta inabadilisha umbo la plagi peke yake. Soketi zetu ni zile za Kiingereza za matundu matatu, na kinachotoka humo ni volti 240, 50 Hz (Hz ni idadi ya mapigo kwa sekunde). Marekani ni volti 120, 60 Hz. Mashine yangu ya DVD ilikuwa imeandikwa nyuma AC 120V 60Hz, kwa herufi ndogo kama za dawa, na mimi sikuinama kusoma. Nikachomeka adapta ya shilingi mia, nikawasha. Ikalia pa! kama kifuniko cha soda, kisha harufu. Mke wangu alitoka jikoni mbio akidhani ni maharagwe.

Kwa hiyo kabla hajafunga sanduku hata moja, mwambie ainame nyuma ya kila kifaa, apige picha ya lebo, akutumie kwa WhatsApp. Ikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, hapo sasa adapta inatosha, au akija akate plagi aweke ya hapa. Chaja za kamera na za laptopu nyingi ziko hivyo. Ikiandikwa 120V peke yake, inahitaji transfoma ya kushusha 240 hadi 110. Asikubali kuuziwa kile kidude chepesi cha wasafiri wanaobeba mashine za kukaushia nywele. Hicho ni cha vitu vya kupasha moto, si vya elektroniki. Transfoma ya kweli utaijua kwa uzito. Yangu ya wati 500 ni nzito kama jiwe la kusagia, na hunguruma kidogo ikiwa kazini. Deki yenyewe hula wati chache sana, lakini ni vizuri transfoma ipite mahitaji kwa mbali, isichemke. Na kabla ya transfoma weka TV guard, kile kifaa cha kukinga vitu na stima inayopanda ghafla. Transfoma hugawa kwa mbili chochote kinachoingia, na ile stima inayorudi kwa kishindo baada ya kupotea hugawanywa vile vile, kishindo kikiwemo.

Transfoma haigusi zile Hz. Deki haijali, kwa sababu mota zake zinaongozwa na saa yake ya ndani. Tulichojuta ni saa ya mezani ya kuchomeka, iliyohesabu mapigo ya stima. Ilichelewa dakika kumi kila saa, na ilituchelewesha kanisani Jumapili mbili kabla hatujaielewa.

Sasa picha. Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu hapa hakuna harufu ya kukuonya.

Kanda ya VHS ya Marekani na ya Kenya ukizilaza pamoja huzitofautishi. Plastiki ni ile ile, ukubwa ule ule, na kila moja inaingia kwenye deki yoyote bila kugoma. Tofauti ni namna picha ilivyoandikwa humo ndani. Wamarekani hutumia mfumo wa NTSC: mistari 525, picha karibu 30 kwa sekunde. Sisi tulifuata Wazungu wa Ulaya kwenye PAL: mistari 625, picha 25. Hesabu hizo zilifuata stima ya kila upande, 30 ni nusu ya 60 na 25 ni nusu ya 50. Hata mwendo wa kanda ni tofauti. Deki ya Marekani hukokota zaidi ya milimita 33 za kanda kila sekunde kwa mwendo wa kawaida, ya kwetu kama 23.

Haya yote mimi nilikuja kuyajua kwa njia mbaya. Baba yangu alizikwa Vihiga Agosti 2001. Karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado, ningetoka Marekani nisingeingia tena, basi sikuja. Kaka yangu akakodi mpiga video wa Luanda, mji wa huko huko Vihiga, siku mbili nzima, kisha akampa kanda mtu aliyekuwa akisafiri. Ilipofika, Wakenya wa mtaa wetu walikuja jioni, tukachemsha chai, wengine wakaketi chini maana viti havikutosha. Nikaitia kanda. Ikatoka mistari myeupe inayopanda juu kama mvua iliyopotea njia, rangi hakuna, na sauti ya mchungaji nyembamba, ya haraka, kama ya mtoto anayekimbizwa. Mtu mmoja akacheka, halafu akanyamaza. Nikasafisha deki, nikajaribu tena, ikawa yale yale. Nikampigia kaka simu nikamwambia amedanganywa na mpiga video. Yeye alikuwa ameitazama kwa jirani na ilikuwa safi kabisa. Tulikosana wiki mbili, kila mmoja akisema kweli.

Duka la kubadilisha kanda kutoka PAL kwenda NTSC lilikuwepo. Niliambiwa dola arobaini, na mwezi ule dola arobaini zilikuwa na kazi nyingine. Mwezi uliofuata pia. Ndivyo miaka inavyopita.

Nilipohamia Nakuru, jirani yangu wa mtaa wa Section 58, mzee mmoja mstaafu, alikuwa bado na deki yake ya PAL chini ya kitambaa cha kufuma. Tukaitia ile kanda. Rangi zikatoka. Mchungaji kumbe ana sauti nzito. Kaka yangu amesimama kando ya jeneza amevaa koti nililomtumia, na lebo ya bei inaning'inia mkononi ibada nzima, hakuna aliyemwambia. Nimeitazama mara nyingi na bado jicho langu linakwenda kwenye ile lebo.

Jioni ile ile, kwa furaha, nikakimbia nyumbani nikaleta kanda ya binti yangu akiwa na miaka miwili, niliyorekodi New Jersey. Kwa deki ya mzee ikawa kinyume: picha imekatika vipande, na mtoto anaongea polepole kwa sauti ya mzee wa baraza. Mzee alicheka mpaka akatoa miwani.

Basi, kanda za dada yako alizorekodi Minnesota zinataka deki ya Minnesota. Zile mlizomtumia kutoka nyumbani, za harusi na matanga, zinataka deki ya hapa. Kulikuwa na deki zilizouzwa huku zilizoweza kucheza zote mbili. Ukikuta moja kwa fundi, soma usoni mwake kama imeandikwa NTSC pamoja na PAL. Ya mzee haikuwa hivyo. Na asiseme atanunua nyingine mpya mbele ya safari: kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Hiyo yake ndiyo hiyo.

Habari njema ni kwamba TV zinazouzwa Kenya, hata zile za bei ya chini, nyingi hupokea PAL na NTSC bila kuuliza. Mimi nilichomeka deki yangu ya New Jersey kwenye transfoma, nikatoa kebo ya njano, nyekundu na nyeupe hadi kwenye TV niliyonunua hapa hapa mjini, na picha ikaja na rangi zake mara moja. Ndiyo maana nasema deki ije, TV ibaki. Watu hufanya kinyume chake, wanabeba TV kwa sababu ni kubwa na ya bei.

TV yenyewe nitakueleza kwa nini. Kwanza, ile ya kwetu niliyoileta ilikuwa ya volti 120 peke yake, kwa hiyo kila ukitaka taarifa ya habari lazima transfoma ingurume. Pili, tundu lake la eriali halina kazi hapa. Sisi tulihamia dijitali, analogi ikazimwa kufikia 2015, na mfumo wetu ni DVB-T2. Wao wana ATSC, ni lugha mbili zisizosikizana. Utasema basi nitaweka king'amuzi. Nami nilisema hivyo. Nikachomeka kwa HDMI, TV ikaandika kwamba haiitambui picha, skrini nyeusi. King'amuzi kilikuwa kinatoa picha kwa 50 Hz, na TV ile ilifundishwa 60 tu. Nikahamia kebo ya rangi tatu, nikapata picha ya kijivu inayoporomoka. Ilibidi nibebe king'amuzi hadi kwa mzee, nikifungue kwenye TV yake, niingie kwenye menyu nikibadilishe kitoe 60 Hz na NTSC, kisha nikirudishe nyumbani. Kikafanya kazi, lakini mpira ulipopigwa kwa nguvu ulikuwa unaruka-ruka kidogo, maana picha 25 zinalazimishwa kuingia kwenye 30. Zipo TV za Marekani zinazokubali 50, nyingine zinakataa, na hutajua mpaka umeshalipia kontena. Yangu ilikufa 2016. Fundi alitafuta bodi ya stima ya modeli ile hadi Nairobi, akakosa.

Kama dada yako hatazami chochote ila YouTube kwa intaneti, na lebo inasema 100-240V, hapo sina ubishi, aibebe akitaka. Bado kuna kioo cha inchi 55 na barabara kutoka Mombasa hadi Kisumu.

(Wanaotoka Uingereza raha yao: plagi ile ile, volti zile zile, PAL ile ile. Hata wao zamani za analogi hawakuponea kabisa. Binamu yangu alikuja na TV kutoka Leicester ikawa inatoa picha safi bila sauti, kwa sababu Uingereza waliiweka sauti megahezi 6 kutoka kwenye picha na sisi 5.5.)

DVD sitakawia nayo. Diski hufungiwa maeneo ya dunia kwa namba: Marekani ni eneo namba 1, sisi namba 5, na mashine yao mara nyingi hukataa diski za kwetu, hata ile ya harusi isiyo na eneo lolote, kwa vile ni ya PAL. Mashine za hapa huwa hazina ukaidi huo, nyingi zinacheza zote. Akitumia kompyuta, ajue kisoma-diski kinaruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, kisha kinabaki pale pale milele.

Kamera: aje nayo na chaja yake na kebo zake zote. Kama ni ya kanda ndogo za MiniDV, yenyewe ndiyo deki ya kanda hizo, ikipotea kanda zimekuwa vifungo vya plastiki.

Kanda azibebe mkononi kwenye ndege. Mashine ya kukagua mizigo haizifuti, sumaku ndiyo hufuta. Kontena linaweza kukaa juani bandarini, na joto hilo kanda haipendi. Zikifika Kisumu asiziweke chini ya kitanda. Unyevu wa ziwa mnaujua. Kabla ya kuitia kanda yoyote, fungua kile kifuniko cha mbele, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona unga mweupe pembeni mwa kanda hiyo ni ukungu, usiitie, itachafua deki na deki itachafua zote zinazofuata.

Halafu zihamishiwe kwenye kompyuta mapema. Kuna kifaa kidogo cha USB kinachopokea zile kebo za rangi tatu. Kwenye programu yake chagua NTSC kwa kanda za huko na PAL kwa za hapa, ukikosea hapo utapata ile ile mvua ya kupanda juu. Hakuna njia ya mkato, kanda ya saa mbili inachukua saa mbili. Mimi nilikuwa nafanya moja kila usiku baada ya watoto kulala. Za MiniDV zikiingizwa kwa ubora wake wote hula kama GB 13 kwa saa, kwa hiyo anunue diski ya nje ya kutosha, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine.

Akituma picha za lebo zibandike hapa tuzisome pamoja. Na akikwama na kanda za PAL, deki ya yule mzee aliniachia alipohamia kwa mwanawe Eldoret. Bado inavuta, kitambaa chake ninacho pia.