Kukata vipande vya jipsam Mwanakwerekwe kabla ya kupeleka Nungwi

Yakhe nimekufahamu, unataka vipande vya jipsam (bodi za plasta zenye karatasi mbele na nyuma) vya kugawia vyumba vikatwe karakana Mwanakwerekwe vende Nungwi, kaskazini Unguja, tayari, vumbi lisiwasumbue wageni. Inawezekana, lakini usikate kwa ramani, simamisha fremu ya kufungia bodi kwanza upime kila nafasi juu, kati na chini, mie niliwahi kukata 40 kwa kipimo kimoja nikatupa 14, iliniuma sana. Chana karatasi ya mbele kwa kisu kikali, vunja, ndo ukate ya nyuma, na punguza sentimita 1 chini bodi isiguse sakafu ikanywa maji. Vipande vyembamba vilaze juu ya ubao mnyoofu uvifunge kumi kumi, vikining'inia garini vinakatika katikati, na wakati wa masika turubai lazima. Vaa barakoa. Penye waya usifunike mpaka fundi umeme akague.