Ndege ya Jumapili usiku baada ya Daytona 500? Mkuu, badilisha leo

Mkuu, hiyo ndege ya Jumapili saa nne usiku achana nayo. Usiniambie ni ya bei nafuu. Najua ni ya bei nafuu. Hata yangu ilikuwa ya bei nafuu.

Kwa waliochelewa kufika kwenye uzi: mleta mada anakuja Marekani Februari kumtembelea kaka yake Ohio, wanataka washuke Florida kuona Daytona 500, zile mbio kubwa za magari. Ameuliza wakae jukwaa lipi, avae nini, chakula cha ndani bei gani, watoto wawili wa kaka waende nao au wawaache. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, kaandika kwamba ameshaona ndege ya kurudi siku ileile ya mbio, saa nne usiku kutokea Orlando, "maana mbio zinaanza mchana." Watu mmemjibu habari za viti na baga kurasa mbili nzima. Hakuna hata mmoja aliyeigusa hiyo ndege! Nyie watu mna roho gani?

Mwaka 2020 nilikata tiketi hiyohiyo. Siku ileile, saa zilezile, kutokea Orlando hukohuko. Nikaingia choo cha kike.

Aliyenipeleka huko ni shemeji yangu, mume wa dada. Anakaa Florida miaka mingi, na kwa kuwa anakaa Florida anajiona yeye ndiye idara ya hali ya hewa. Nilimpigia kabla sijalipa chochote, mnisikie vizuri, KABLA. Nikamuuliza, "Shem, na mvua ikinyesha?" Akacheka kile kicheko chake cha kumsikitikia mtu. "Shem, hii ni Florida. Mvua ya huku ni ya dakika ishirini, jua linatoka, mambo yanaendelea. Na pesa za televisheni zimeshaingia, hao jamaa waahirishe ili wale nini?"

Nikaona ana hoja. Na mimi mwenyewe nilikuwa na ujinga wangu wa nyumbani. Nimekua najua kwamba Safari Rally bila matope haijanoga. Simba na Yanga zinacheza hata maji yakifika kwenye ugoko. Nani angefikiria kuna mbio za magari zinazoogopa mvua kuliko bibi harusi aliyetoka saluni?

Basi zipo, na sababu yake siyo uoga. Magari ya NASCAR, ndio wenye mashindano haya, kwenye uwanja ule yanatembea na tairi kipara. Siyo kipara cha daladala iliyochoka, ni tairi iliyotengenezwa bila kashata hata moja, ili mpira wote ugandane na lami. Lami ikiwa kavu inashika kama gundi. Ikilowa, hakuna pa maji kupitia, gari linaelea. Sasa weka juu yake kona za Daytona, zimeinuka nyuzi 31. Ukisimama chini ya ile kona unaona lami imesimama mbele yako kama paa la bati, unajiuliza gari linapitaje pale bila kudondoka. Linapita kwa sababu lina kasi, karibu kilomita 300 kwa saa, tena magari 40 yamebanana, pua ya huyu kwenye mkia wa yule, kwa sababu wanasaidiana kukata upepo. Ukimwaga maji hapo umeua watu. Kuna viwanja vidogo vya mviringo ambako siku hizi wanafunga tairi za mvua lami ikiwa na unyevunyevu. New Hampshire mwaka 2024 walimalizia hivyo. Daytona hakuna kitu hicho. Mvua ikidondoka, bendera nyekundu, magari yanapaki, watu wanakaa.

Na kukausha siyo kupiga deki. Mzunguko mmoja ni maili 2.5, yaani kilomita 4, na lami ni pana. Wanaleta malori yaliyobebeshwa injini ya ndege, yanatembea polepole yanapuliza hewa ya moto. Unayaangalia yanazunguka, yanazunguka, umeshasahau ulikuja kuangalia nini. Halafu tone moja linadondoka, kazi inaanza upya.

Sasa siku yenyewe. Jumapili tarehe 16 Februari 2020. Kiti changu kizuri, hilo sikulaumu mtu, kipo juu, nauona mstari wa kumalizia kule chini kama mchirizi wa chaki. Trump alikuja siku ile, akiwa rais muhula wake wa kwanza. Ndege yake ilipita juu ya uwanja chini kabisa, watu wakapagawa. Foleni ya ukaguzi getini ndiyo usiseme. Baadaye msafara wake ukaingia barabarani na lile limuzini zito, ukayaongoza magari ya mbio kuzunguka. Mimi nachukua video, namtumia shemeji, ananijibu na vidole gumba vitatu.

Ilipokaribia kuanza, tone likadondoka kwenye kioo cha simu yangu. Moja. Nikalifuta. La pili. Nikatazama juu, nikatazama saa.

Tukasubiri. Wakakausha. Wakaanza. Na nisiseme uongo, ile mizunguko ya mwanzo ilinilipa kidogo. Ule mlio huusikii kwa masikio, unausikia kwenye mbavu. Kundi zima linapita mbele yako, kiti kinatetemeka, na kabla hujageuza shingo limeshapotelea kona ya kwanza. Nilikuwa nahesabu kwa vidole kama mtoto. Mzunguko wa kumi. Wa kumi na tano. Wa ishirini, mvua ikashuka. Siyo ya dakika ishirini. Mvua ya kifuku.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Kizungu, kofia imepauka, chupa ya kahawa katikati ya miguu. Matone ya kwanza tu alitoa koti la plastiki mfukoni, akavaa taratibu, akafunga vifungo vyote. Mimi nimejifunika gazeti la programu ya siku, rangi inanichuruzikia kwenye mikono. Akaniuliza, "Unaondoka lini?" Nikamwambia leo saa nne usiku. Yule mzee hakucheka. Angecheka ningefurahi. Alinitazama tu kama anatoa pole ya msiba, akaniambia yeye amekuja na gari lake la kulala na hana mpango wa kuondoka kabla ya Jumanne. Kila mwaka hivyohivyo. "Iwe jua, iwe mvua, Jumanne."

Hiyo hapo. Maneno matano ya mzee nisiyemjua jina yana thamani kuliko simu ya dakika arobaini na shemeji.

Jioni wakatangaza: kesho Jumatatu, saa kumi jioni, tutaendelea tulipoishia. Watu wanashangilia! Wanashangilia nini? Wao wana kesho. Mimi nina kilomita 100 za kuendesha hadi Orlando kwenye foleni ya uwanja mzima unaotoka kwa pamoja, na soksi zinatoa maji kila nikikanyaga breki.

Nilijaribu kujiokoa, msidhani nilikubali kirahisi. Nikampigia shemeji kwanza, simu inaita tu. Nikafika kaunta ya ndege, dada wa watu mpole, akaniangalizia, akaniambia tiketi ya aina hii haibadilishwi wala hairudishwi. Ndiyo maana ilikuwa rahisi, mkuu! Unauziwa kiti na kufuli lake. Nikitaka kuondoka Jumanne ninunue mpya, dola 389. Na hata ningekuwa nazo, Jumatatu nilikuwa na zamu ghalani, siku zangu za ruhusa nilishazimaliza zote kwa kuja hukohuko Daytona. Nikiwa nimeshakaa kwenye ndege ndipo ujumbe wa shemeji ukaingia: "Pole shem, utaangalia kwenye TV."

Utaangalia kwenye TV. Mume wa dada yangu huyo.

Jumatatu ile ilikuwa sikukuu ya Marais, benki zimefungwa, shule zimefungwa. Sisi wabeba boksi tupo kazini kama kawaida. Nimeegemeza simu kwenye boksi la vitasa vya milango, sauti nimezima, supavaiza akipita naigeuza. Na ndivyo nilivyoona mwisho wa mbio nilizolipia kiti. Mzunguko wa mwisho kabisa, baada ya kuongezwa mizunguko kwa ajili ya ajali, Ryan Newman anaongoza. Ryan Blaney anamsukuma nyuma, gari la Newman linageuka, linaenda ukutani, linapinduka, gari jingine linaligonga likiwa limepinduka, linateleza kwa paa na cheche zake hadi kuvuka mstari. Pembeni yake Denny Hamlin anapita, anashinda kwa tofauti ya sekunde 0.014 dhidi ya Blaney. Daytona 500 yake ya tatu. Sekunde 0.014, kwenye ule mstari wa chaki uliokuwa mbele ya kiti changu!

Halafu kimya. Wakaweka mapazia meusi kulizunguka gari la Newman. Nilisahau hasira zangu zote, nikasahau hata kugeuza simu, supavaiza akasimama nyuma yangu na yeye anaangalia, hakusema kitu. Tulidhani amekufa. Jumatano yake Newman akatoka hospitali kwa miguu yake, amewashika mikono binti zake wawili. Picha ile ninayo hadi leo.

Sasa hesabu, maana najua kuna mtu anasema "si uliona kidogo?" Tiketi ya jukwaa dola 185. Ndege 268. Gari la kukodi 121. Hoteli usiku mbili 290, na ile hoteli ilikuwa na choo kinacholia usiku kucha. Mafuta na msosi 76. Jumla 940. Gawanya kwa mizunguko 20, unapata dola 47 kwa mzunguko, na mzunguko wenyewe hauzidi dakika moja. Hata teksi ya uwanja wa ndege haijawahi kunikamua hivyo.

Mtaniambia ilikuwa bahati mbaya. Haya. Mwaka 2012 mvua ilisukuma Daytona 500 hadi Jumatatu usiku, na usiku huohuo Juan Pablo Montoya akaligonga lori la kukaushia lami, moto ukawaka barabarani. 2020 ni mimi. 2024, Jumapili nzima mvua, hawakuzungusha hata tairi moja, Jumatatu saa kumi jioni ndiyo wakakimbia na William Byron akashinda. Na 2025, hii mkuu isome mara mbili, hawakuahirisha. Walianza mapema ili kuiwahi mvua, ikawawahi yenyewe, wakakaa zaidi ya saa tatu, mbio zikaisha usiku. Byron tena. Kwa hiyo, ukiwa na hiyo ndege yako ya saa nne, hata mwaka ambao HAWAKUAHIRISHA ungekuwa Orlando kwenye foleni ya kuvua viatu. Februari ya Florida siyo masika yetu, lakini mawingu hayasomi ratiba ya televisheni.

Na msidhani mvua maana yake lazima utaona zote kesho yake. Mbio zinagawanywa kwa hatua; zikifika nusu, au hatua ya pili ikiisha, wanaruhusiwa kuzifunga hapohapo na aliye mbele ndiye mshindi. Charlotte mwaka 2024, ile ya maili 600, iliishia mzunguko wa 249 kati ya 400, Christopher Bell akapewa ushindi mvua inanyesha. Dereva mwenzake Kyle Larson alikuwa ametoka mbio kutoka Indianapolis, alikokimbia mbio nyingine siku hiyohiyo, kuja kukimbia hiyo, akafika mvua imeanza, hakukanyaga lami. Alikuja na helikopta huyo, na bado mvua ilimshinda. Wewe una tiketi isiyobadilishwa.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo kabla hujalala. Ndege ya kurudi iwe Jumanne. Ikishindikana kabisa, Jumatatu usiku sana, lakini nakwambia Jumanne. Iwe ya aina inayobadilishwa, hata kama imezidi dola sitini, hizo sitini ndiyo bima yako. Hoteli lipia mpaka Jumanne asubuhi, maana wakitangaza kuahirisha wote mliobaki mnatafuta chumba kwa wakati mmoja, na wenye hoteli siyo wajinga. Kaka yako aombe ruhusa ya Jumatatu kuanzia sasa, asije akajifanya anaumwa tumbo kwa simu huku nyuma injini zinalia. Mbio zikiisha Jumapili salama, Jumatatu mnakwenda ufukweni, uko hapohapo. Hiyo siku haipotei. Iliyopotea ni yangu.

Tiketi ya uwanjani soma masharti yake ya mvua, tena nunua kwa wenyewe, siyo kwa mtu wa kati. Tiketi ya Jumapili inatumika Jumatatu, ya kwangu ilikuwa inatumika vizuri tu, ilikuwa kwenye droo yangu, nyumbani Ohio.

Viti: juu. Chini unaona rangi zinapita tu. Watoto wavae viziba masikio, vile vikubwa vya kufunika sikio lote. Mengine sijui uliuliza nini tena, nimepandisha uzi hadi juu nimekutana na hiyo "saa nne usiku" nikashindwa kuendelea kusoma.

Ukishabadilisha rudi utuambie. Na kama kuna ndugu yako yeyote Florida amekwambia mvua ya kule ni ya dakika ishirini, muulize amemwoa nani. Inawezekana ni yuleyule.